Mtakatifu Ana Silabi Tano

Novemba ikikaribia, walimu wa kwaya huanza kuja kwenye stesheneri yangu hapa Mpanda na karatasi zao za Majilio na Krismasi. Wanatoka Karema kule ziwani, Inyonga, Usevya, Majimoto, Katumba, Mishamo, na mitaa ya mjini kama Makanyagio na Nsemulwa. Wengi ni Wakatoliki kama mimi, wengine Wamoravian, wengine Wapentekoste. Wananipa solfa zilizoandikwa kwa mkono, nami nazipiga kwenye kompyuta, nikipanga maneno chini ya nota, silabi kwa silabi. Jioni mimi mwenyewe hufundisha kwaya. Kwa hiyo nyimbo za mkoa huu nazijua kwa macho na kwa masikio, na kuna jambo moja limenikaa moyoni muda mrefu: tunatunga melodia nzuri, kisha tunakivunja Kiswahili ili kiingie humo.

Chukua neno Mtakatifu. Lina silabi tano: m-ta-ka-TI-fu. Ile M ya mwanzo ni silabi kamili. Haina irabu, lakini ina muda wake, na mshairi yeyote wa Kiswahili huihesabu kuwa mizani moja bila kubishana. Mkazo uko kwenye TI, silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa tazama nota zinazopita mezani kwangu. Mara nyingi neno hili limepewa nota nne. M imebanwa pamoja na TA, na kwaya ikishika kasi M inamezwa kabisa. Waumini wanasikia “takatifu”. Hilo nalo ni neno sahihi, ila ni sifa ya Biblia, ya Ekaristi, ya ardhi. Mungu yuko kwenye ngeli ya mtu, naye huitwa Mtakatifu.

Si neno hilo tu. Mfalme akinyang’anywa M anabaki “falme”, yaani tawala nyingi. “Tumsifu” ikipoteza M inakuwa “tusifu”, na anayesifiwa hayumo tena kwenye neno, maana ile M ndiyo iliyokuwa imembeba. Kwaya ya watu arobaini wakiimeza kwa pamoja, hakuna kipaza sauti kitakachoirudisha.

Nafahamu kwamba wapo watakaosema haya ni mambo ya darasani. Lakini wimbo wa kanisani hausomwi na aliyeketi kwenye benchi. Unasikiwa. Bibi aliyetoka kijijini Mpimbwe hana karatasi mkononi wala skrini ukutani. Ana masikio yake tu, na neno linampita mara moja. Kama limefika limevunjika, hana pa kulirudia.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba sioni kwa nini tuivunje. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. BWA-na. MU-ngu. M-TO-to. Ka-TA-vi. Neno likirefushwa, mkazo unahama nalo: NYU-mba, kisha nyu-MBA-ni, kisha nyu-mba-NI-mwe. Maneno yanayoiasi kanuni hiyo ni machache mno, na mengi yana asili ya Kiarabu. Tunalijua neno “barabara”: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, na ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. “Walakini” nalo hutamkwa kwa namna mbili, moja ikiwa “lakini” na nyingine ikiwa kasoro. Baada ya hapo orodha inakwisha haraka. Maneno ya wageni tuliyoyapokea, tumeyatia kwenye kanuni hiyohiyo bila kuambiwa na mtu: hospitali ikawa ho-spi-TA-li, na Ekaristi ikawa e-ka-RI-sti.

Mkazo huo una kazi kubwa kuliko kupendezesha matamshi. Kwa lugha ambayo maneno yake karibu yote huishia na irabu, na ambayo kitenzi kimoja kinaweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli, mkazo ndio unaomwambia msikilizaji kwamba neno linakwisha. Akisikia uzito, anajua imebaki silabi moja, kisha linaanza neno jingine. Siku kuu kwa maneno mawili ni SI-ku KU-u, na sikukuu kwa neno moja ni si-ku-KU-u. “Ana kula yake” ni A-na KU-la, na “anakula” ni a-na-KU-la. Mtunzi akiweka pigo zito mahali pasipo pake, sikio linakata neno hapo, na vipande vinavyobaki havina maana. Hivyo ndivyo “ametuokoa” inavyofika kama “ame” na “tuokoa”, na msikilizaji anaanza kutafuta kilichosemwa huku ubeti umeshapita.

Kuna pia suala la kukata silabi zenyewe. Silabi za Kiswahili, ukiacha chache zilizotoka nje, huishia na irabu au ni nazali pekee. Tunasema Mu-ngu, nyu-mba, ki-na-nda, mbi-ngu-ni. Lakini karatasi nyingi ninazoletewa zimeandikwa “Mung-u”, “mbing-u-ni”, “nyum-ba”. Programu za kompyuta za kuandikia muziki nazo zimetengenezwa kwa lugha ambazo silabi hufungwa na konsonanti, kwa hiyo ukiziachia zikate zenyewe zitakata hivyohivyo. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni tofauti ya kistari tu. Kwa mwimbaji ni tofauti ya mdomo. Aliyeandikiwa Mu-ngu kwenye nota ndefu atashikilia U, mdomo wazi, sauti ikitoka, kisha atatamka NGU mwishoni. Aliyeandikiwa Mung-u atafunga sauti puani mapema, na nota nzima itapita kwenye “ng”. Jaribu mwenyewe ukiwa peke yako na utasikia jinsi wimbo unavyokufa.

Nazali ndiyo inayowasumbua watunzi wengi, na hapa nawaelewa, kwa sababu maandishi hayatusaidii. Mbwa ana silabi mbili, M-bwa, na mkazo uko juu ya M yenyewe. Mbuzi naye ana mbili, lakini ni MBU-zi, M ikiwa imeshikana na B. Nchi ni N-chi. Nchini ni n-CHI-ni. Mbuni aliye ndege ni mbu-ni, silabi mbili. Mbuni ulio mti wa kahawa ni m-bu-ni, silabi tatu, na uthibitisho ni kwamba wingi wake ni mibuni. Mtu mbaya ni m-ba-ya kwa sababu wenzake ni watu wabaya. Njia mbaya ni mba-ya. Herufi ni zilezile, hesabu ni tofauti. Mtu aliyekulia kwenye lugha hii haambiwi. Anatamka tu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba karatasi si hakimu. Hakimu ni sauti ya kuongea.

Irabu mbili zikifuatana nazo huonewa. Kondoo ni ko-NDO-o. Ile O ya mwisho ni silabi yake, na O iliyo kabla yake ndiyo yenye mkazo. Mwanakondoo kwa hiyo ana silabi tano: mwa-na-ko-NDO-o. Nimepiga nota nyingi za Mwanakondoo zenye sauti nne tu, “ndoo” ikiwa imerundikwa kwenye moja, na uzito ukiangukia KO. Hilo si jina la kitu chochote.

Padre mmoja aliyesoma Roma alikuwa akipita dukani kwangu kutoa kopi, na mazungumzo yetu juu ya Kiitaliano yalinifungua macho kuhusu Kiswahili. Waitaliano, kama sisi, wana mazoea ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo sababu maneno yao ya muziki tuyaandikayo juu ya nota zetu tunayatamka bila shida: an-DAN-te, cre-SCEN-do, TEM-po. Lakini wao si watumwa wa kanuni hiyo. “Canto” ni wimbo, pia ni “naimba”, na mkazo uko mwanzo. “Cantò” ni “aliimba”, na mkazo umehamia mwisho, ndipo wanaweka alama juu ya O. “Cantano” ni “wanaimba”, na mkazo unarudi silabi ya tatu kutoka mwisho, CAN-ta-no, bila alama yoyote. Msomaji anatakiwa ajue. Muziki wenyewe wao wanauita MU-si-ca, sisi mu-ZI-ki. Watangazaji wetu wa mpira wanasema Na-PO-li, Waitaliano wanasema NA-po-li. Mgeni anayejifunza Kiitaliano lazima akariri maneno hayo moja moja. Anayejifunza Kiswahili anapewa kanuni moja siku ya kwanza na inamtosha karibu maisha yake yote.

Hata kukata silabi tunatofautiana nao. “Canta”, yaani “anaimba”, wao hukata CAN-ta, N ikibaki nyuma. “Kanda” yetu ni KA-nda, na Mpanda ni M-PA-nda. Sikio la haraka litasema sauti ni zilezile, lakini kwenye nota ya mapigo manne tofauti inasikika hadi mlango wa nyuma wa kanisa.

Jambo aliloniambia padre huyo ambalo sikulisahau ni hili. Washairi wa Kiitaliano waliotungia nyimbo na opera walijua kwamba melodia nyingi hutaka kuishia na pigo zito moja, bila mkia. Maneno yao, kwa kuwa mengi yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yana mkia. Basi wakaukata. “Amore”, upendo, wakaimba “amor”. “Cantare” ikawa “cantar”. Lugha yao inaruhusu. Yetu hairuhusu. Hakuna “Bwan”, hakuna “upend”. Kila neno la Kiswahili linalomalizia mstari linaishia na silabi nzito ikifuatwa na nyepesi, na mtunzi hana namna ya kulikwepa hilo. Kwa hiyo mwisho wa melodia ya Kiswahili lazima uwe na nota mbili, nzito kisha nyepesi. Huo ndio mwili wa lugha yetu, na melodia inapaswa ishonwe kwa vipimo vyake.

Hapo ndipo ninapoona chanzo cha tatizo letu lote. Melodia za kwanza za kanisa zilikuja zimeshashonwa kwa mwili mwingine. Mapadre Weupe walifika Karema mwaka 1885 na wakaikuta ngome iliyojengwa na Wabelgiji. Walikuja na Kilatini cha Misa na nyimbo za Ulaya, na makatekista waliziingiza kwenye Kiswahili kwa bidii ambayo naiheshimu kwa dhati. Lakini fikiria kazi waliyokuwa nayo. “Sanctus” ina silabi mbili. “Santo” ya Kiitaliano ina mbili. Mtakatifu ana tano. “Gloria” ina tatu, Utukufu una nne, na mkazo umetoka silabi ya kwanza ukaenda ya tatu. Nyimbo za Kijerumani na Kiingereza zilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mistari yao hupenda kuishia na neno la silabi moja lenye uzito. “Stille Nacht”, ule wimbo wa Krismasi ulioimbwa kwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mwaka 1818, vipande vyake vya mwanzo vinaishia namna hiyo. Ukiliweka neno lolote la Kiswahili pale mwisho, silabi yake ya mwisho, ile nyepesi, inatua juu ya nota nzito na ndefu. Wafasiri hawakuwa na njia. Vizazi vya Wakristo vikazoea kusikia bwa-NA na Mu-NGU, na wakadhani hivyo ndivyo wimbo mtakatifu unavyosikika.

Mtunzi wa leo anayo njia, kwa sababu melodia ni yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, na mlango wa lugha zetu ukafunguka. Mwaka huohuo padre wa kwetu, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tangu hapo hatulazimiki kuvaa vazi la kuazima. Hata hivyo kijana wa leo anayetunga Misa nzima mwenyewe, kuanzia neno la kwanza hadi nota ya mwisho, bado anamalizia kiitikio chake na pigo moja zito, bwa-NA, kwa sababu hivyo ndivyo sikio lake lilivyolelewa. Hilo linaniumiza kuliko makosa ya zamani.

Na kuna kitu kizuri ambacho watunzi wetu wangekiona kama wangehesabu. “Bwana utuhurumie”: BWA-na u-tu-hu-ru-MI-e. Mizani nane. “Mwanakondoo wa Mungu”: mwa-na-ko-NDO-o wa MU-ngu. Mizani nane. Nane ndiyo mizani ya mshororo wa utenzi, na nane kwa nane ndiyo vipande viwili vya mshororo wa shairi letu lililozoeleka. Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji, kando ya ziwa lilelile la Karema, alizieleza sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Sala zetu mbili za Misa zimeangukia kwenye kipimo ambacho Waswahili wamekiimbia kwa karne nyingi. Sijui zawadi gani kubwa kuliko hiyo ambayo mtunzi angeweza kukabidhiwa, na tunaikata ili iingie kwenye nota saba.

Lakini kuhesabu mizani pekee hakutoshi, na hapa nawaomba watunzi wanisikilize kwa makini, maana hili ndilo linalowanasa hata wazuri. Wimbo una kiitikio na beti nne au tano, zote kwa melodia moja. Ubeti wa kwanza unakaa vizuri kwa sababu melodia ilizaliwa nao. Wa pili unaandikwa baadaye kwa kuhesabu tu. Nitaunda mfano. “Anatupenda sana” ina mizani saba, na mikazo yake iko kwenye ya nne na ya sita: a-na-tu-PE-nda SA-na. “Bwana katuokoa” nayo ina saba, ila mikazo iko kwenye ya kwanza na ya sita: BWA-na ka-tu-o-KO-a. Melodia iliyoinuka kwenye nota ya nne kwa ajili ya PE itainuka tena kwenye TU, na kwaya itaimba ka-TU-okoa. Ukitazama mwisho, hata hivyo, mistari yote miwili imekubaliana: ya sita ni nzito. Itakuwa hivyo daima, kwa kuwa mstari wa Kiswahili huishia na neno kamili. Basi mtunzi aliye makini huweka uzito wa melodia yake kuelekea mwisho wa mstari, na katikati hupitisha nota sawasawa, nyepesi, ili kila ubeti ujipange wenyewe. Waliotunga nyimbo za harusi na za jando hawakufundishwa hilo, lakini walilifanya.

Wapo marafiki zangu wanaonipinga kwa hoja ya ngoma. Wanasema muziki wetu haufuati pigo la kwanza kama wa Wazungu. Uzito wake hupenda kuangukia katikati ya mapigo, na kwamba mimi nawarudisha kwenye mistari ya Curwen, yule Mwingereza aliyeeneza solfa tunazotumia. Hoja hiyo ina ukweli na naikubali sehemu yake. Mkazo wa Kiswahili haudai pigo la kwanza peke yake. Ukisikiliza mtu akiongea, silabi yenye mkazo huwa ndefu kidogo kuliko wenzake, na mara nyingi sauti hubadilika hapo. Kwa hiyo mtunzi anaweza kuipa silabi hiyo nota ndefu, au nota ya juu, hata kama iko nje ya pigo zito, na sikio litaridhika. Wimbo wenye mwendo wa ngoma ya Kisukuma unaweza kulitendea haki neno “utuhurumie” kwa kuikalia MI muda mrefu huku miguu ikipiga pengine kabisa. Ninachokataa ni MI kupita mbio, fupi, chini, huku E ikishikiliwa mapigo manne.

Katika mkoa wetu suala hili lina uzito wa pekee. Mpanda ni mji uliokusanya watu. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya mgodi wa risasi, na ikaleta watu wa kila upande. Mwaka 1972 waliingia ndugu zetu kutoka Burundi, wakawekwa Katumba na baadaye Mishamo, na wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Wasukuma wamekuja na ng’ombe wao. Wamewakuta Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Warungwa, na Wafipa wako jirani. Kwenye kwaya moja unaweza kukuta lugha sita za nyumbani, na Kiswahili ndicho pekee wanachokutana nacho wote. Kirundi na Kisukuma ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana, na anayetunga kwa lugha hizo akiwa mwangalifu hutazama kila silabi inakwenda juu au chini. Nimewasikia wazee wa Katumba wakimsahihisha kijana kwa melodia iliyopanda pale ambapo neno la Kirundi linashuka, na walimsahihisha kwa ukali, kwa sababu neno lilikuwa limegeuka. Kiswahili kiliiacha toni. Kinamwachia mtunzi uhuru wa kupanda na kushuka atakavyo, na kwa uhuru wote huo kinaomba kitu kimoja tu, silabi moja kwa kila neno iheshimiwe. Watu wanaolinda kila silabi ya Kirundi hawatashindwa kulinda moja ya Kiswahili.

Kwenye mazoezi ya kwaya yetu tunaanza bila nota. Tunapiga makofi kwa majina ya mahali tunapoishi, tukitamka kama tunavyotamka sokoni: ka-sha-u-LI-li, ma-ka-nya-GI-o, ka-wa-JE-nse, si-ta-LI-ke. Kofi la nguvu liko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Watoto wanaipata mara moja, kwa sababu darasa la kwanza walishapiga makofi ya ba be bi bo bu. Kisha tunachukua maneno ya wimbo mpya na kuyasema kwa pamoja, polepole, kama tunasali, na kila mtu anaweka kistari kwa penseli juu ya silabi nzito. Hapo ndipo nota zinafunguliwa. Pale ambapo mstari wa solfa unaotangulia pigo zito haukutani na penseli, tunasimama na kuamua. Mara nyingi dawa ni ndogo: nota ndefu ya mwisho inagawanywa mbili kwa sauti ileile, nzito ikipewa BWA na nyepesi ikipewa NA, na wimbo uliokuwa unachechemea unasimama wima. Mtunzi akiwa karibu tunampigia simu kuomba ruhusa. Sijawahi kuona mtunzi aliyekasirika baada ya kusikia neno lake likiimbwa kama linavyosemwa.

Ninachoomba kwa ngazi za juu si kigumu. Jimbo la Mpanda lilimegwa kutoka Sumbawanga mwaka 2000, na kama majimbo mengine lina watu wanaopitia nyimbo kabla hazijaimbwa kwenye Misa. Wanapitia mafundisho ya imani yaliyomo kwenye maneno, na wanapitia maelewano ya sauti nne. Wamweke pia mtu mmoja wa kusoma maneno kwa sauti: mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, au mshairi, au katekista mzee ambaye amesoma masomo ya Jumapili miaka yote bila mtu kulalamika kwamba hakumsikia. Makanisa mengine yafanye vivyo hivyo kwa namna yao. Na kitabu cha nyimbo kitakapochapwa upya, maneno yakatwe Mu-ngu na mbi-ngu-ni, si vinginevyo, kwa sababu watoto watajifunza kutoka humo.

Kwa watunzi watakaoniletea kazi msimu huu nina ombi la ziada. Leteni karatasi mbili. Ya kwanza iwe na maneno peke yake, beti zote, mikazo ikiwa imewekewa alama kwa mkono wa mtunzi mwenyewe. Nota ziwe kwenye ya pili. Nitazipiga zote kwa bei ileile, na pale zinapogombana nitawaita tukae mezani tuzipatanishe kabla sijachapa hata nakala moja. Mwanakondoo nitampa nota zake tano, ile ya nne ikiwa ndefu, hata kama itabidi mstari mzima upangwe upya.